Noti Zilizokatwa Sikio

Siku ambayo wakwe walikuwa wanashuka kutoka Werugha na mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia ndoa ya Kikamba, Mbinya aliamka akapanga mitungi ya maji uani, na mumewe Ndulu akaamka akapanga noti za Mjerumani sebuleni. Kila mtu na kazi yake. Mitungi mingi ilikuwa mitupu. Noti zilikuwa sita, na kwa maoni ya Ndulu zilitosha kuuduwaza ukoo mzima wa Wataita.

"Baba Kavinya," Mbinya aliita kutoka nje, "hizo karatasi zako zinaweza kupika pilau?"

"Mama Kavinya, tafadhali. Leo tusianze."

"Sijaanza, nauliza tu. Maji ya pilau iko. Ya kunawa mikono iko. Ya choo haiko. Sasa mgeni akienda choo utamwagia historia?"

Ndulu alizidi kunyoosha noti. Alikuwa na jibu zuri, lakini jibu hilo lilihitaji tanki, na tanki lenyewe lilikuwa limelala kando ya nyumba likiwa limepasuka. Wakati wa kiangazi ndovu walitoka mbugani, wakanusa maji, wakaliangusha na kunywa yote yaliyomwagika, kisha wakaondoka zao bila haraka. Tangu siku hiyo Mbinya alikuwa akifuata maji kwenye kioski ng'ambo ya reli, anasukuma mkokoteni wa kukodi, jua la Voi linamchoma utosini, na jioni mgongo unamuuma mpaka anashindwa kuinama kuvua viatu.

Pesa za tanki jipya zilikuwako. Hilo ndilo jambo lililomchoma zaidi. Alikuwa ameziweka mwenyewe, za kuuza maharagwe sokoni, akamkabidhi mumewe aende akalipe dukani. Ndulu akatoka nazo asubuhi akiwa na nia safi kabisa. Akapitia kibanda chake cha fotokopi kufungua mlango tu, na hapo akamkuta Thadeus.

Thadeus alikuwa mtu wa Mahoo, huko Taveta, dalali wa chochote kisicho na mwenyewe. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, na huku anasubiri akatoa mfukoni kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya mkate. Ndani mlikuwa na noti sita za rupia za Mjerumani, nyeusi kwa uchafu, zimeshonwa pamoja kwa uzi wa katani. Akasema zilipatikana huko Salaita, kwenye ukuta wa nyumba kuukuu iliyobomolewa. Akasema zilikuwa pesa za vita, ziliporwa na wanajeshi.

"Ziliporwa?" Ndulu aliuliza.

"Ziliporwa, mzee wangu. Ndiyo maana zina bei."

Basi. Mtu mwingine angesikia neno hilo akarudi nyuma hatua moja. Ndulu yeye alisogea mbele. Alikuwa mkusanyaji wa noti kuukuu kwa miaka mingi, ana za mkoloni, ana za nchi jirani zilizobadilisha pesa zao, lakini noti ya kuporwa vitani hakuwahi kuishika. Pesa za tanki zikaenda Mahoo. Nyumbani akamwambia Mbinya kwamba kuna mnunuzi Nairobi atakayetoa mara tatu, watanunua tanki na kubaki na akiba. Mbinya akachukua mtungi, akatoka.

*

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwenye akili zake anavyojimaliza mwenyewe.

Kibanda cha Ndulu kilikuwa na mashine ya laminesheni, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake mjini. Mtu wa Voi akiwa na kitu cha maana, awe na cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, au picha ya marehemu, atakuletea na kusema, nipigie laminesheni. Kwamba kitu kimeingia plastiki maana yake ni kwamba kimependwa. Ndulu alikuwa amelamineti nusu ya mji. Kwa hivyo noti zake azipendazo angezifanyia nini kingine?

Akakata ule uzi wa katani na kuutupa. Akazipangusa noti kwa kitambaa chenye sabuni. Akazipiga pasi. Kisha akazipitisha mashineni moja moja, kwa plastiki ile nene ya wateja wa heshima, na zilipotoka zinang'aa bado zina joto alihisi amefanya jambo kubwa kwa historia ya Afrika Mashariki.

Alhamisi, siku mbili kabla ya wakwe, alimtumia picha yule mnunuzi wa Nairobi. Jibu likaja simuni kwa sauti iliyorekodiwa. "Mzee, ni wewe umeziweka kwa plastiki? Wee mzee, umeziua. Hizo sasa ni kadi za kuchezea." Ndulu aliisikiliza tena, akidhani labda huyo mtu anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa hata na huruma kidogo, na hiyo huruma ndiyo iliyomuumiza Ndulu kuliko kicheko.

Mbinya hakuambiwa. Ndulu alikaa kibandani akapiga hesabu ya mtu aliyebanwa: noti zimekufa, tanki halipo, lakini Jumamosi wakwe wanaleta mahari. Kavinya ni binti aliyesoma, anafanya kazi ya famasia, ana adabu zake. Mahari ya Kavinya itanunua tanki, na Mbinya hatajua kamwe. Alimwambia kaka yake Mwanzia, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo, "Usikubali ahadi. Tunataka taslimu."

"Kwani una haraka gani?" Mwanzia akauliza.

"Ni heshima tu ya binti," Ndulu akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu wa kanisa.

*

Pikapu ya wakwe ilifika jua likiwa limeshapanda. Walishuka wakiwa na masweta, maskini, maana huko juu Werugha ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na dakika chache baadaye wote walikuwa wameyavua. Alikuwako Hudson, bwana harusi mwenyewe, mwalimu mpole anayeongea kwa kuangalia viatu vyake. Alikuwako mjomba wake Tom, msemaji wao, mtu wa kifua. Na kwenye kiti cha mbele, amefungwa leso mbili, alikuwako Nyanya Mghoi, bibi yake Hudson, ambaye ilibidi ashushwe kwa kushikwa mikono yote miwili.

Nyuma walikuwa mbuzi watatu. Kwa Wakamba bila mbuzi hao hakuna ndoa, hata mkiwa na cheti cha mkuu wa wilaya. Mwanzia akawakagua kwa bidii, akapekua meno, akabonyeza mbavu.

"Hawa mbona wamekatwa masikio?" akauliza. "Mnatuletea wagonjwa?"

Tom akacheka. "Si ugonjwa, ni alama yetu. Ona, pengo juu, na mkato mdogo chini yake. Huko kwetu kwenye miteremko mbuzi wa watu wanachanganyika. Wa kwetu tunawajua kwa sikio. Tangu babu za babu."

"Aa, sawa basi," akasema Mwanzia, akawafunga kwenye kile kipande cha tanki lililopasuka. Mbuzi wakaanza kulilamba, wakitafuta maji. Ndulu hakuona wala kusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa ndani akinyoosha kitambaa cha meza.

*

Walikula. Pilau ilisifiwa. Mbinya alinawisha wageni mikono kwa maji membamba kiasi kwamba Tom alidhani mdomo wa birika umeziba. Ilipofika saa ya maneno ya mahari, Mwanzia alikohoa, na Tom naye akakohoa, na hapo ndipo Ndulu aliposhindwa kujizuia.

"Kabla hatujaanza," alisema akisimama, "ningependa wakwe zangu wajue wamekuja kwa nyumba gani."

"Ee Mungu," akasema Mbinya polepole.

Ndulu akaeneza noti zake. Akaeleza jinsi vita vya kwanza vya dunia vilivyofunga bahari, Mjerumani akakosa pesa kutoka kwao, akachapisha zake hapa hapa Afrika kwa karatasi yoyote aliyopata. Akaeleza Taveta ilivyotekwa na Mjerumani, na Salaita ilivyopiganiwa. Aliongea vizuri, tuseme ukweli. Wakwe walisogeza viti. Akaona macho yao, akalewa.

"Noti moja kama hii," akasema, "ni ng'ombe mmoja wa maziwa. Si mchezo. Meza hii mnayoiona ina ng'ombe sita."

"Sita!" Tom akasema.

"Sita. Na mnaona hapa kwenye pembe? Kila moja ina hili pengo, na mkato chini yake. Hiyo ni alama ya siri ya benki ya Mjerumani."

Hilo hakulisoma popote. Alilibuni siku moja kibandani mteja alipouliza, na aliposimulia mara ya pili akawa ameliamini.

"Na utamu wenyewe," akamalizia, akiinua kidole, "ni kwamba noti hizi ziliporwa."

Nyanya Mghoi, aliyedhaniwa amesinzia, akafungua macho. "Ziliporwa kwa nani?"

"Vitani, Nyanya."

"Nimesikia vitani. Nauliza, kwa nani?"

Ndulu akazigeukia noti zake. Miaka yote hiyo ya kukusanya, swali hilo lilikuwa halijamjia hata siku moja. Kwake kuporwa kulikuwa sifa ya noti, kama rangi yake au ukubwa wake. Kwamba upande wa pili alikuwako mtu, na mtu huyo aliondoka mikono mitupu, hakuwahi kufika huko kimawazo.

"Kwa... kwa watu wa zamani," akasema.

"Lete hapa."

Akamletea. Bibi akaishika noti kwa vidole vyake vilivyopinda, akaisogeza karibu na jicho, akapapasa pembe. Kidole kikateleza kwenye plastiki. Akapapasa tena. Kikateleza tena.

"Zilikuwa zimeshonwa," akasema. "Kwa katani."

Ndulu akarudi nyuma hatua moja. Uzi huo hakumwonyesha mtu yeyote. Aliutupa siku ile ile.

"Hudson," bibi akasema, "niletee mbuzi mmoja."

"Ndani, Nyanya?"

"Kwani mimi naweza kwenda nje?"

Mbuzi akaingizwa, akapita juu ya zulia jipya la Mbinya, akaacha pale alichoacha. Nyanya Mghoi akamshika sikio, akaiweka noti pembeni yake. Pengo juu, mkato chini. Noti na mbuzi vilikuwa vimekatwa kwa mkono wa ukoo mmoja. Mbuzi peke yake ndiye aliyelia, kwa kiu.

*

"Baba yangu aliwabebea Wajerumani mizigo walipokuwa Taveta," Nyanya Mghoi alisema. "Hakuenda kwa kupenda vita. Alitaka kuoa. Kule kwa akina msichana waliambiwa walete ng'ombe, na kwao hakukuwa na ng'ombe. Wajerumani wakamlipa karatasi. Yeye karatasi hakuijua, alijua mbuzi. Akawaza, hizi zikichanganyika na za wenzangu nitazijuaje? Akazikata sikio. Akazishona, akazifunga kiunoni."

Akaigeuza noti mkononi.

"Akaugua huko Salaita. Askari wakapita, wakampekua amelala hajiwezi. Wa upande gani hakujua. Akarudi Werugha na shuka tu. Yule msichana akaolewa na mwingine. Baba alioa akiwa na mvi, ndiyo maana mimi mtoto wake bado niko hapa. Na mpaka anakufa alikuwa akisema, ng'ombe wangu wako kwa mtu." Akamtazama Ndulu. "Sasa nimemwona huyo mtu."

Tom alikuwa ameshasimama. "Nyanya, inuka twende. Hatuwezi kuoa kwa nyumba ya waporaji."

"Nilinunua!" Ndulu akapiga kelele. "Mimi nilinunua! Muulizeni Thadeus!"

"Thadeus alipata wapi?" Tom akauliza.

"Baba," Kavinya akasema kutoka mlango wa jikoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujali kuyafuta. "Baba, sema kitu cha maana. Mara moja tu. Tafadhali."

Ndulu alimwona binti yake, akaona aibu. Alizikusanya noti zote sita, akapiga goti mbele ya bibi, akazinyoosha kwa mikono miwili. "Nyanya, ni zako. Chukua. Nisamehe, sikujua. Halafu," na hapa hata katika toba yake alikumbuka tanki, "halafu tuendelee na mazungumzo yetu kama kawaida."

Nyanya Mghoi hakuzipokea.

"Nirudi nazo Werugha nikazifanyie nini? Baba alizitafuta ili azipeleke kwa wakwe. Hapa ni wapi?"

"Ni... ni kwa wakwe."

"Basi zimefika. Zimechelewa, lakini zimefika. Wewe mwenyewe umetuambia ni ng'ombe sita. Tom, sisi tulikuja kutoa pesa za ng'ombe wangapi?"

Tom alikaa chini polepole, akaanza kutabasamu. "Watano, Nyanya."

"Mmoja ni zawadi ya mama," bibi akasema. "Mahari imelipwa."

Mwanzia akamvuta Ndulu shati. "Nini hii? Si ulisema taslimu?" alinong'ona, ila kwa sauti ya mnadani.

Ndulu akaona hakuna njia ila ukweli. "Nyanya, ngoja. Hizi noti hazina thamani tena. Niliziweka kwa plastiki, mnunuzi amesema nimeziua. Si ng'ombe sita. Si hata kuku."

Kutoka jikoni kikasikika kifuniko cha sufuria kikianguka. Sasa Mbinya alijua.

"Unasema mahari ya baba yangu ni takataka?" bibi akauliza.

"Hapana! Hapana, Nyanya, sikusema..."

"Kijana, baada ya vita hizi zilikuwa karatasi tu, hata angebaki nazo. Hilo nalijua. Lakini siku waliyomnyang'anya zilikuwa ng'ombe. Walimnyang'anya ng'ombe. Sasa wewe sema mbele ya watu: umepokea ng'ombe, au umepokea takataka?"

Sebule nzima ilimgeukia. Hudson kwa mara ya kwanza aliacha kuangalia viatu vyake. Kavinya alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Ndulu alifikiria mkokoteni, akafikiria mgongo wa mke wake, akatazama uso wa binti yake.

"Nimepokea ng'ombe," akasema.

Hivyo ndivyo Ndulu alivyokuwa baba wa kwanza mjini Voi kulipa mahari ya binti yake mwenyewe, tena kwa pesa za mkewe.

"Fungua moja," Nyanya Mghoi akasema, sauti yake ikiwa ndogo sasa. "Nataka kuigusa karatasi. Yeye aliigusa."

"Haifunguki, Nyanya. Nikifungua itapasuka yote."

Bibi aliipapasa tena ile plastiki, mbele na nyuma, akitafuta pa kuingilia. Hapo Ndulu akataka ardhi immeze. Kupigiwa kelele na Tom kulikuwa nafuu.

"Nipeni maji," bibi akasema hatimaye. "Nitase."

Wataita waliokuwepo wakainuka. Walikuwa watu wa kanisa wote, lakini kutasa walikujua: hasira iliyokaa moyoni huwezi kuimeza, unaitema na maji. Mbinya akaleta kikombe, kimejaa, wala hakupunja. Nyanya Mghoi akajaza mdomo, akapuliza maji sakafuni, akasema jina la baba yake na maneno ya Kidawida, lugha yao. Akapuliza tena, matone yakamrukia Ndulu kichwani. "Baba, wamefika," akasema kwa Kiswahili, ili wenyeji wasikie. "Ng'ombe wako wamefika. Pumzika." Akalia, na Mbinya akamshika mabega, akalia naye.

*

Pikapu ilipoondoka, watu wakiimba na Hudson akipunga mikono yote miwili, Ndulu alibaki amesimama uani na suti yake. Alijiandaa kwa kelele. Alistahili kelele, na alikuwa amepanga kuzipokea kimya mpaka ziishe.

Mbinya hakupiga kelele. Alileta mkokoteni, akapanga mitungi yote mitupu juu yake, akaikaza kwa kamba, akamwekea mpini mkononi.

"Baba Kavinya," akasema, "wewe sasa ni mtu wa ng'ombe sita. Na mbuzi watatu hao hapo. Mifugo inataka maji."

"Leo? Na suti?"

"Na kesho. Na kesho kutwa. Mpaka siku utakaponunua tanki kwa mashine yako ile ya kuua pesa."

Akasukuma. Mkokoteni ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na bado ulikuwa mtupu. Alipofika reli, mgongo ulikuwa umeshaanza kumwambia mambo ambayo Mbinya hakuwahi kuyasema. Kwenye kioski foleni ilikuwa ndefu, ya wanawake peke yao, nao walimwona na suti yake wakapisha kicheko kipite kwanza.

"Mzee Ndulu! Si leo ulikuwa na wakwe? Wamelipa?"

"Wamelipa," akasema.

"Yote?"

"Yote, mama. Hadi ya wakati wa vita."

Wakamuuliza basi pesa ziko wapi kama yuko hapa anapanga foleni. Ndulu akaweka mtungi wake wa kwanza nyuma ya ule wa mwisho, akalegeza tai, akaanza kuwaeleza kuhusu kijana mmoja wa Werugha aliyekata noti zake sikio. Safari hii alianza na jina la mtu, lile alilolitaja Nyanya Mghoi akitasa.